Isipokuwa mbuni

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni fundi wa magauni, niko Dar es Salaam, nashona hasa ya sendofu na harusi. Siku hizi kila bibi harusi anataka manyoya: kwenye mikono, kwenye pindo, wengine hadi kwenye viatu. Ya kawaida nanunua Kariakoo kwa yadi, ya mbuni naagiza kwa mtu anayeleta kutoka nje. Juzi mteja alikuja kujaribu gauni, akajigeuza mbele ya kioo, akalipenda, halafu akaniuliza, "Huyu ndege yuko wapi sasa hivi?" Nikakosa la kusema. Muuzaji wangu anadai manyoya huanguka yenyewe, yakaokotwa, na hata yakikatwa huota tena kama nywele. Ni kweli? Na kama si kweli, nifanye nini na mzigo nilio nao ndani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mteja wako ana jicho. Nimefundisha vijana wa mifugo miaka mingi, na ni wachache walionibana kwa swali fupi namna hiyo.

Muuzaji wako amekuambia mambo mawili. Kwamba manyoya huanguka yakaokotwa: kwa haya unayoshonea wewe, si kweli. Kwamba yakikatwa huota tena kama nywele: hapo kuna ukweli nusu, na nitaanza na huo, maana nusu aliyoiacha ndiyo yenye damu.

Unywele ukishatokeza nje ya ngozi ni kitu kikavu. Kinyozi anaukata wewe unapiga soga. Unyoya una tabia nyingine. Wakati unaota huwa na damu ndani ya kikonyo chake. Bila shaka umewahi kunyonyoa kuku mchanga, ukakutana na vile vijiti vya rangi ya samawati kwenye bawa, ukivivunja vinachuruzika. Hayo ni manyoya mabichi. Yakikomaa, damu hurudi ngozini, kikonyo kinabaki mrija mtupu unaopitisha mwanga. Unyoya uliokomaa ukikatwa kwa mkasi juu ya ngozi, ndege hasikii zaidi ya unavyosikia wewe ukikata kucha. Ukikatwa mbichi, anatoka damu. Ukichomolewa, uwe mbichi au mkavu, unang'oka kwenye kinyweleo chenye neva, na humo umeshikwa na misuli midogo isiyopenda kuachia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wawili wa Scotland, Gentle na Hunter, walichomoa kuku manyoya, moja baada ya jingine, huku wakiwaangalia. Mwanzo kuku walishtuka na kuhangaika. Kadiri walivyoendelea kuchomolewa, walijikunyata wakatulia tuli. Asiyejua ndege angesema wamezoea. Sisi tulifundishwa kuuogopa utulivu huo kuliko kelele.

Sasa mbuni. Kazi ya shambani, ikifanywa inavyotakiwa, iko hivi: manyoya ya bawa hukatwa kwa mkasi yakiwa na miezi 6 hivi, vikonyo vikaachwa mwilini. Baada ya miezi 2 mingine vikonyo vile vimekauka hadi mwisho, ndipo vinachomolewa ili manyoya mapya yapate njia. Ndege huvikwa kitambaa kichwani mpaka machoni, kwa sababu mbuni asiyeona hutulia, kisha husukumwa ndani ya kizimba chembamba ili asipige teke. Teke la mbuni linaweza kumuua mtu, kwa hiyo hakuna anayefanya kazi hii polepole. Na hapo ndipo maneno mazuri ya kwenye karatasi yanapoachana na shamba. Kungoja miezi 2 ni gharama. Nikiwa bado kijana nilifika kwenye shamba moja, wala sitalitaja, nikawakuta wanavuta vikonyo kwa koleo kabla havijakauka, huku wameniandalia chai na kunieleza kwamba ndege "hawasikii kitu". Vikonyo vilivyokuwa kwenye ndoo vilikuwa na ncha nyekundu.

Lakini nisikupotoshe. Sehemu kubwa ya manyoya ya mbuni yanayouzwa leo hayatoki kwa ndege anayekatwa akarudi malishoni. Yanatoka machinjioni. Mbuni wa kufugwa Afrika Kusini, ambako ndiko kitovu cha biashara hii duniani, huchinjwa akiwa na umri wa mwaka mmoja, kasoro kidogo au zaidi kidogo. Ndege huyohuyo akiachwa anaweza kuishi miaka 30 na kuendelea. Ngozi yake inakwenda kwenye mikoba na viatu, nyama inakwenda hotelini, manyoya yanakuja kwako. Wafanyabiashara huita manyoya zao la ziada, maana yake ndege angechinjwa hata usingenunua. Nimelisikia neno hilo mara nyingi na bado halinikai. Shamba linaloishi kwa mazao matatu linasimama kwa miguu mitatu. Mwaka 2011 mafua ya ndege yalipoingia kwenye mashamba hayo na Ulaya ikafunga mlango kwa nyama mbichi, ngozi na manyoya ndivyo vilivyobaki vya kuuza. Mguu uliokuwa wa ziada ukawa wa kuegemea.

Mteja wako aliuliza yuko wapi. Kwa mbuni, jibu ni kwamba amekufa, na alikufa akiwa kijana.

Utaniuliza, mbona basi dunia nzima inapiga kelele kuhusu manyoya ya chui na mbweha, na mbuni anapita? Kisa chake ni kirefu na nakipenda, nivumilie.

Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa Ulaya na Marekani walivaa kofia zilizobeba ndege. Sisemi manyoya tu: mabawa, vichwa, ndege mzima aliyekaushwa na kuwekewa macho ya kioo. Mwaka 1886 mtaalamu wa ndege aitwaye Frank Chapman alitembea mitaa ya New York akihesabu kofia za wapita njia. Kati ya 700, kofia 542 zilikuwa na manyoya, na alitambua aina 40 za ndege. Aliyetafutwa kuliko wote alikuwa yangeyange. Sisi tunamjua kwa weupe wake, tunamfananishia kanzu. Wafanyabiashara wa kofia walimjua kwa jambo jingine: yangeyange wakubwa, na jamaa zao wa Marekani, huotesha mgongoni nyuzi nyeupe nyembamba kama moshi, na huziotesha msimu wa kutaga tu. Hizo ndizo zilizouzwa kwa bei iliyoizidi dhahabu kwa uzito. Ukiufikiria msimu huo utaona ubaya wake bila kuelezwa. Wawindaji walingoja makinda yaanguliwe kwa sababu mzazi mwenye makinda hakimbii bunduki. Walipiga, wakachuna kipande cha mgongo, wakauacha mzoga. Makinda yalibaki kwenye viota yakilia mpaka yaliponyamaza. Huko Florida mlinzi mmoja wa ndege, Guy Bradley, aliuawa kwa risasi mwaka 1905 alipojaribu kuwakamata waliokuwa wakiwapiga.

New Zealand kulikuwa na ndege mweusi aitwaye huia, mwenye mkia uliopakwa weupe nchani. Wamaori waliuvaa unyoya wake kama alama ya heshima. Mwaka 1901 mwana wa mfalme wa Uingereza alitembelea nchi hiyo, akavishwa mmoja kwenye kofia, na kila mtu akautaka. Huia alikuwa tayari amepungua kwa misitu kukatwa na wanyama walioletwa na wageni. Aliyeonekana kwa uhakika mara ya mwisho alikuwa wa 1907.

Waliosimama kupinga walikuwa wanawake wenyewe, na hili mafundi wasisahau. Emily Williamson, nyumbani kwake Didsbury karibu na Manchester, aliwakusanya wenzake mwaka 1889 na kuanzisha chama ambacho leo ndicho shirika kubwa la kulinda ndege Uingereza, RSPB. Marekani, Harriet Hemenway na Minna Hall wa Boston waliwaalika wanawake wenye hadhi kunywa chai, wakawaomba waache kofia za ndege. Chama chao kikazaliwa 1896. Sheria zikafuata: Marekani ilizuia kuingiza manyoya ya ndege wa porini mwaka 1913, Uingereza ikapitisha ya kwake 1921.

Lakini soma kanuni ya kile chama cha Didsbury. Ilimtaka mwanachama asivae manyoya ya ndege yeyote asiyeuawa kwa ajili ya chakula, isipokuwa mbuni. Isipokuwa mbuni. Na sheria ya 1921 ikarudia neno hilohilo: imezuia manyoya kuingia nchini, ya mbuni yakaachiwa.

Hawakuwa wanafiki. Walikuwa na sababu, na kwa wakati wao ilikuwa nzuri. Hadi katikati ya karne ya 19 manyoya ya mbuni yalitoka kwa mbuni wa porini, yakavushwa Sahara kwa ngamia hadi Tripoli, au yakashuka kutoka Harar na nchi ya Wasomali hadi Berbera, yakavuka kwenda Aden. Kila unyoya ulikuwa ndege aliyewindwa. Kisha mwaka 1869 mkulima wa Afrika Kusini, Arthur Douglass, alifanikiwa kutengeneza mashine ya kuangulia mayai ya mbuni, na ufugaji ukalipuka. Mji wa Oudtshoorn, kwenye bonde kavu la Karoo Ndogo, ukatajirika. Kufikia 1913 manyoya ya mbuni yalikuwa zao la nne katika yaliyouzwa nje na Afrika Kusini, nyuma ya dhahabu, almasi na sufu, na mbuni wa kufugwa walikaribia milioni 1. Majumba ya mawe yaliyojengwa kwa fedha hizo bado yapo, watalii wanayapiga picha. Nyumba za waliolima majani ya kulisha mbuni hao hazikujengwa kwa mawe, na hakuna anayezipiga picha.

Kwa hiyo mtu wa 1889 akimlinganisha yangeyange aliyechunwa mgongo na mbuni aliyekatwa kwa mkasi, mbuni alionekana neema. Mimi pia ningesema hivyo. Kilichotokea ni kwamba neno "isipokuwa" lilibaki mlangoni baada ya sababu yake kuondoka. Mwaka 1914 vita ilipoanza, na magari yasiyo na paa yakazifanya kofia kubwa kuwa kero, bei ilianguka ndani ya miezi michache na mashamba yakafilisika. Ufugaji uliporudi baadaye katika karne ya 20 haukuwa tena wa mkasi. Ulikuwa wa ngozi na nyama. Mbuni aliyeachiwa na sheria alikuwa yule anayekatwa na kurudi malishoni. Anayepita leo kwenye mlango huohuo ni yule wa machinjioni. Wiki ya mitindo ya Copenhagen imekataza manyoya ya ndege wasio wa kufugwa kuanzia 2025, na swali limerudi palepale kwa mara ya tatu: mbuni ni wa nyumbani au wa porini? Ukiniuliza mimi, ndege anayelazimika kufunikwa macho ili binadamu amsogelee hajawa wa nyumbani, hata kama babu yake alizaliwa shambani.

Bado kuna watu, pia. Miaka hiyo ya kofia, New York, wanawake wahamiaji kutoka Italia walikaa vyumbani na watoto wao wakirefusha manyoya ya mbuni: kila uzi mmoja wa unyoya unafungwa uzi mwingine kwa fundo, ili unyoya uning'inie kama tawi. Mafundo maelfu kwa unyoya mmoja. Mpiga picha Lewis Hine alizipiga picha familia hizo, watoto wakiwa mezani na mafundo. Wewe unayeshona shanga usiku wa manane kwa taa ya simu unaelewa. Paris wenzao walibaki wachache. Karakana ya Lemarié, iliyoanza 1880, inaendelea kwa kuwa Chanel iliinunua mwaka 1996. Kazi yao ni ya mikono ya ajabu, sikatai. Uzuri wa ufundi hauniondolei swali la mteja wako.

Nirudi Kariakoo, maana huko ndiko fedha yako nyingi inakoenda.

Yale manyoya laini ya yadi, yanayotikisika hata ukipumua, jina lake katika biashara ni marabou. Jina hilo ni la ndege wetu: korongo mfuko-shingo, yule mwenye upara anayesimama juu ya jalala kama mzee wa baraza. Kampala wanamwita kaloli, Mwanza na Nairobi anajulikana vilevile. Chini ya mkia ana manyoya meupe laini kuliko unavyodhani ukimtazama usoni, na mabibi wa Ulaya waliyazungushia mabega yao bila kujua mwenyewe anakula nini. Hayo ya leo sio yake. Ni ya bata mzinga, yaliyotiwa rangi. Bata mzinga hufugwa kwa nyama kwa mamilioni, na manyoya yake ni mabaki kwelikweli: hakuna anayefuga bata mzinga kwa ajili ya pindo la gauni. Maisha ya bata mzinga huyo bandani ni mada nyingine, na si nzuri, lakini pindo lako haliongezi mmoja bandani.

Yale marefu membamba yanayong'aa ni ya shingo na mkia wa jogoo. Hapa pia kwa kawaida ni mabaki, ila si daima. Huko Colorado, Marekani, wako majogoo waliozalishwa kwa vizazi vingi wapate manyoya marefu ya kutengenezea chambo cha wavuvi wa samaki. Mwaka 2011 wasichana wa Marekani walianza kuyasukia kwenye nywele, bei ikapaa, wavuvi wakalalamika. Majogoo hao huuawa kwa manyoya. Nyama haina soko. Ni mfano ninaoupenda kuutoa kwa wanaodhani neno "kuku" linatosha kusafisha kila kitu.

Bata bukini ni wa makoti, si wa magauni, nitapita haraka. Vinyoya vyake vya kifuani ndivyo vinavyojazwa kwenye makoti ya baridi, na katika nchi kadhaa, Hungary na China zikiwamo, wako walionyonyolewa wakiwa hai, mara kwa mara. Baraza la Ulaya lilitoa mwongozo wa kulikataza jambo hilo mwaka 1999, na tangu 2014 kuna viwango vinavyofuatilia vinyoya kutoka shambani hadi kiwandani. Makoti hayo hutufikia kama mitumba. Wapagazi wengi wa Kilimanjaro wanapanda nayo. Koti la mitumba halinisumbui. Bata wake alishalipia zamani, na akivaa mpagazi kwenye baridi ya Kibo angalau limepata matumizi.

Na lile la kuokota? Ndege mmoja tu katika biashara hii anastahili maneno ya muuzaji wako, naye ni tausi. Dume hupukutisha mkia wake wote kila mwaka na kuotesha mwingine. Watunza tausi wa Ikulu watakuambia. India, ambako tausi ni ndege wa taifa, inaruhusu kuuza ndani ya nchi mkia uliopukutika, lakini imekataza kuupeleka nje, kwa sababu ilionekana mahitaji yakizidi, "kuokota" hugeuka "kuua halafu kuokota".

Hapo niseme la sheria, kwa herufi nzito kama ningeweza. Usije ukasikia habari ya kuokota ukaenda kuokota. Sheria yetu ya wanyamapori ya 2009 inahesabu unyoya wa ndege wa porini kuwa nyara, sawa na jino na ngozi. Mbuni wa Manyara, kanga wa porini, flamingo wa Natron: unyoya wao ukikutwa kwenye gauni bila kibali, unaitwa nyara ya serikali, na utaitwa wewe. Kenya sheria yao ya 2013 inafanana, na adhabu yake haicheki. Kuna sababu ya ukali huo. Mbuni wa Uarabuni, aliyekuwa akizunguka majangwa ya huko hadi Syria, alimalizwa katikati ya karne ya 20 kwa bunduki na magari. Mbuni wa Kisomali, yule mwenye shingo ya samawati wa kaskazini mwa Kenya, Somalia na Ethiopia, sasa amewekwa katika kundi la walio hatarini, na manyoya ni moja ya sababu anazowindiwa pamoja na nyama, ngozi na mayai.

Najua kuna atakayesema, mbona wazee wetu walivaa. Walivaa. Morani wa Kimaasai alizungushia uso manyoya ya mbuni, na vijana waliotoka jandoni bado unawakuta wamevaa kaniki na ndege kichwani waliowapiga wenyewe. Tofauti ni kwamba kijana huyo akiulizwa ndege yuko wapi anajua, na hakuna mnada wa London unaongoja elfu kumi wengine.

Sasa mzigo wako.

Kwanza ujue ni nini. Choma uzi mmoja: unyoya wa kweli unanuka nywele, wa plastiki unayeyuka na kuacha tone gumu. Kisha fumua kipande cha utepe ili uone vikonyo. Kilichokatwa kwa mkasi kina mdomo bapa. Chenye ncha nzima iliyochongoka kilichomolewa au kilipukutika. Hapo macho hayawezi kukuambia kama ndege alikuwa hai. Lakini ukiona weusi mkavu ndani ya mrija, hiyo ni damu, na unyoya ule ulitoka ukiwa mbichi. Huyo muuzaji achana naye.

Uliyo nayo yashone. Kuyatupa hakumrudishi ndege. Ila usiyashone moja kwa moja kwenye gauni. Yashone juu ya utepe wa satini wenye vifungo vya kubonyeza, ili yavuliwe. Bibi harusi anayavaa saa sita za maisha yake. Mwenzake wa mwezi ujao anaweza kuyakodi kwako. Unyoya unaovaliwa na maharusi kumi umegawanya gharama yake kwa kumi, na wewe umepata kodi mara kumi. Usiyafue kwa maji ya moto. Yafufue kwa mvuke wa birika. Nondo wanayapenda, kwa hiyo yafunge ndani ya mfuko na kuyalaza kwenye friza wiki mbili kabla ya kuyahifadhi. Bibi zetu wangeongeza karafuu, nami naongeza, kwa harufu tu.

Mapya ukiyataka, nenda Kisutu au Shekilango kwa wachinja kuku. Jogoo wa kienyeji ameuzwa kwa supu, manyoya yake yanakwenda jalalani bure. Mwambie mchinjaji, jogoo akishakufa, akunyonyolee shingo na mkia vikiwa vikavu, kabla ya kumtumbukiza kwenye maji ya moto, kwa kuwa maji yale yanaharibu umbo. Yaoshe kwa sabuni mara mbili, yakauke juani kabisa, na mikono yako pia ioshe, maana kideri, ule ugonjwa wa kuku, husafiri kwa manyoya na jirani yako anafuga. Ya mbuni ya kuagiza nakushauri uache. Sikuambii ni haramu. Nakuambia kwamba sijaona shamba ambalo ningempeleka mteja wako akaangalie kisha akarudi na hamu ya kuvaa.

Na usikimbilie manyoya ya plastiki ukidhani umeokoka. Yanapukutisha nyuzi zisizooza, na bahari tuliyo nayo hapa Kivukoni imeshiba.

Hawa mabibi harusi wanataka kitu kinachotikisika. Mswahili alitatua hili zamani kwa kitambaa: inasemekana kanga ya kuvaa ilipata jina kwa kanga ndege, kwa madoa yake, na hakuna kanga aliyenyonyolewa. Chukua oganza ya hariri, ikate vipande virefu vya upana wa vidole vitatu, kwa kufuata mnyoofu wa uzi. Chomoa nyuzi za urefu kutoka kila upande, ukiacha katikati mstari mwembamba usiofumuliwa, upana wa punje ya mchele. Huo ndio mgongo wa unyoya, na nyuzi za upana zilizobaki ndizo nyuzi zake. Zichonge kwa mkasi mkali ncha iwe nyembamba, pitisha mshono wa zigizaga kwenye mgongo usifumuke zaidi. Usiuunguze ukingo kwa mshumaa kama mnavyofanya kwa poliesta. Manyoya arobaini kwa kila mkono yanatosha. Mara ya kwanza itakuchukua siku mbili, ya tatu nusu siku. Yule mteja mshonee kwanza yeye, na bei usimpunguzie.